Sarafu ya Kiti Kitupu

Kabla ya adhuhuri Sonara aliweza kuyeyusha wafalme watatu na malkia mmoja, kisha akanawa mikono, akavaa kanzu safi na kwenda msikitini kwa utulivu wa mtu aliyeshinda akipalilia mchicha. Wafalme hao walitoka katika rupia za zamani ambazo madukani hazikupokewa tena, lakini zilikuwa zingali hai ndani ya masanduku ya nyanya zetu. Malkia alikuwa yule bibi mnene wa kwenye riale ya fedha, mwenye kifua kipana na shingo ya kutafuta. Wote waliingia katika chungu kimoja kidogo cha udongo, wakawa uji mweupe, na jioni wakatoka wakiwa bangili, mikufu na vikuku. "Mimi kazi yangu kuwastaafisha," alizoea kusema. "Wamechoka kutazamwa."

Nilimfahamu nilipokuja Likoni kufundisha, miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa msichana wa Kigiriama kutoka pande za Kaloleni, Mkristo, nikiwa na sanduku la bati, cheti cha ualimu na hofu kubwa ya feri. Yeye na mkewe walinikodisha chumba cha uani, na kabla mwezi haujaisha walikuwa wameacha kuniita mpangaji. Sonara aliniita mwalimu mbele ya watu na mwanangu tukiwa ndani. Mkewe aliitwa Bi Mkubwa na mtaa mzima, ingawa hapakuwa na bi mdogo, na sidhani kama alikuwapo mwanamke ambaye angethubutu kuiomba nafasi hiyo. Ama jina la Sonara mwenyewe, silitaji kwa kuwa halikuwa na kazi: hata barua ziliandikwa "Kwa Sonara, Likoni," na zilifika.

Hakuwa mtu wa nyuso. Alizitambua shingo, vifundo vya mikono na miguu, na hapo hakukosea. Siku moja jirani mmoja alijifunika buibui hadi macho, akabadilisha sauti, akaja kumjaribu. Sonara aliutazama mkono uliokuwa ukimpa pete, akasema, "Bangili hiyo niliifua mimi mwaka ule wa mvua kubwa. Mwambie mumeo bado nangoja aje achukue mkanda wa saa yake, na wewe ukimaliza mchezo nenda kaipue sufuria, naisikia harufu." Lakini mwalimu wangu mkuu, ambaye alikaa naye saa nzima kwenye karamu ya harusi wakila pilau sinia moja, kesho yake alimpita njiani kama nguzo ya simu. Nilipomlaumu alishangaa. "Yule mwenye shingo fupi? Mbona hakuniambia kwamba ni yeye?"

Kwa sababu hiyo hakumuuzia mwanamume mkufu kwa maelezo. Mume angekuja na pesa mkononi, amejawa na mapenzi au na hatia, akaanza kueleza mkufu anaoutaka. Sonara angeinua kiganja. "Niletee shingo." Na kama shingo iliyoletwa haikuwa ile aliyoizoea, alifunga duka mapema, akaingia ndani na kumsimulia Bi Mkubwa kila kitu kabla hajavua kofia.

Alipenda pia kupima. Mizani yake ndogo ya shaba, yenye mbegu nyekundu za kupimia, ilipima vitu ambavyo havikuumbwa vipimwe. Nilipopata barua ya kwanza kutoka kwa kijana mmoja wa Rabai aliyesema ananipenda, Sonara aliiweka kwenye mizani bila kuifungua, akaongeza mbegu moja, akaiondoa.

"Nyepesi," akasema. "Huyu haoi."

"Mwache mtoto wa watu!" Bi Mkubwa akafoka kutoka jikoni. "Barua yako wewe iliyokuja kwetu ilikuwa na uzito gani?"

"Yangu niliifunga na ratili mbili za sukari."

Yule kijana kweli hakunioa. Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilimshukuru zaidi Sonara kuliko nilivyomlaumu kijana.

Miaka ile fedha ilikuwa na homa. Ujenzi kisiwani, ng'ambo ya feri, ulipungua, vibarua wakashinda wamekaa juu ya mabomba ya mtaro, migomo ya bandarini ikaja na kwenda, na Wazungu wenye nyumba za ufukweni wakaanza kuuza vitu kwa mnada, kuanzia majokofu hadi vikapu vya mbwa. Kila siku uvumi ulivuka na feri. Leo ulisema kwamba shilingi zenye sura ya mfalme zitageuka vifungo vya shati siku ya Uhuru. Kesho ulisema zitakuwa adimu, na atakayekuwa nazo atanunua ng'ombe kwa bei ya kuku. Waliouogopa uvumi wa kwanza walimletea Sonara shilingi zao wakitaka bangili. Waliouamini wa pili walimletea bangili wakitaka shilingi. Nao walikaa benchi moja.

Nakumbuka asubuhi ambayo mfanyabiashara wa mbata alikaa bega kwa bega na Mama Mihogo, aliyekuwa akikaanga mihogo karibu na kivuko na ambaye sauti yake ilisikika hadi ng'ambo.

"Hela hizi zina sura ya mfalme, na mfalme yuwaondoka," alisema mtu wa mbata. "Mtu akihama huacha sura yake nyuma?"

"Basi nipe mimi," Mama Mihogo akamjibu. "Mie sinunui unga kwa sura. Kuna Mzungu huko ufuko wa Shelly auza cherehani, na bangili hizi hazishoni."

"Utajuta, mama."

"Nitajuta nikiwa nimevaa gauni jipya."

Sonara alikuwa akiwasikiliza huku akitafuna tambuu. Akasimama, akazivua zile bangili mikononi mwa Mama Mihogo moja moja, akazipima, akazisugua kwa ndimu na majivu hadi zikang'aa, akampa mtu wa mbata. Akazichukua shilingi za mtu wa mbata, akampa Mama Mihogo. Akajikatia shilingi moja ya ujira wa kusugua, akaketi.

"Haya," akasema. "Uchumi umekwisha. Nendeni nyumbani."

Nimesoma uchumi chuo kikuu baada ya hapo, kwa miaka mitatu, na sijaona maelezo ya soko yaliyonyooka zaidi ya yale.

Pamoja na akili hiyo, yeye mwenyewe alikuwa mnunuzi wa kusikitikiwa. Kwenye mnada mmoja alikwenda kununua kisanduku cha vyuma vya kufanyia kazi, akarudi amejitwika kiti. Kilikuwa kiti cha ofisini chenye mikono, cha mbao nzito, alichokiacha afisa mmoja aliyerudi kwao, na mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umechomoka.

"Umenunua kiti kilichovunjwa na mkoloni makusudi," Bi Mkubwa alisema, mikono kiunoni.

"Mguu mmoja tu. Mitatu mizima. Hasara yake ni robo."

"Na wewe utakalia ile robo tatu?"

Aliufunga mguu kwa waya, akakiweka barazani, na kuanzia siku hiyo alipokea wateja akiwa amekalia mamlaka. Kilimwangusha mara mbili nikiona. Mara zote mbili aliinuka, akatazama barabarani, akasema kwamba alikuwa akitafuta pete.

Siasa nayo aliichukua kwa mizani ileile. Wakati ule wenyeji wetu waligawanyika: wengine walitaka Mwambao uwe peke yake chini ya bendera yake ya zamani, wengine walitaka uingie Kenya moja kwa moja, na ndugu wa tumbo moja walifikia hatua ya kununua mkate maduka tofauti. Sonara alihudhuria mikutano ya pande zote. Ya watu wa Mwambao alikwenda kwa sababu waligawa kahawa na halwa. Ya watu wa Kenya moja alikwenda kwa sababu waliimba vizuri. Alipoulizwa yuko upande gani alijibu kwamba fundi hukaa upande wa moto.

Sasa nifike kwenye kiapo chake, maana bila hicho mengine hayaeleweki. Alipokuwa akihitimu kazi, mbele ya fundi aliyemfunza, aliishika nyundo na kuapa kwamba hatachonga kamwe kitu chenye roho. Mafundi wa zamani wa kwetu walilishika sana jambo hilo: anayeumba sura, walisema, siku ya kiama ataamriwa aipulizie roho, naye hataweza. Kwa hiyo Sonara alichonga majani, nyota, mawimbi na vikonyo vya karafuu, lakini hata nzi hakumchonga. Nahodha mmoja wa meli ya mizigo aliwahi kumtaka bizimu ya fedha ya mkanda, yenye samaki, kwa malipo mazuri. Sonara alimfulia wavu, wenye vitundu vidogo ajabu. Nahodha akauliza samaki yuko wapi. "Ametoroka," Sonara akasema. "Wewe ni baharia, hayajawahi kukupata?"

Ilikuwa rahisi kuwa mcha Mungu na mcheshi wakati kazi ipo. Mwaka wa Uhuru kazi haikuwapo. Maduka ya kisiwani yalikuwa na makabati ya vioo yaliyojaa hereni zilizopigwa kwa mashine, nyepesi kama maganda ya vitunguu, na wasichana walizipenda. Wiki nzima ingepita bila nyundo kulia. Bi Mkubwa aliniambia, huku akijifanya anachambua mchele, kwamba alimwona mumewe asubuhi moja amesimama na vibarua wanaongoja kuitwa bandarini, mtu aliyevuka hamsini, akijipapasa mabega.

"Ajipima kama aweza kubeba gunia," alisema. "Sikumwita. Ningemwita angenifia kwa aibu."

Ndipo kamati ya sherehe ilipozaliwa Likoni, nami nikawekwa ndani yake kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Kiongozi mkuu wa nchi, ambaye sote tulijua ndiye atakayeshika serikali, alitarajiwa kuvuka feri na kuhutubia katika uwanja wa shule yetu. Kamati ilitaka sarafu za kumbukumbu: mia moja za watoto watakaoimba, na moja ya kutiwa mkononi mwake. Upande mmoja uwe na neno UHURU, upande mwingine uso wa kiongozi. Baadhi ya wanakamati walitaka kazi ipelekwe kwa mwenye mashine kisiwani. Mimi, bila kufikiri, kwa hamu ya kumwokoa na magunia, nilisimama nikasema, "Sonara wetu ataweza." Nilikuwa nimesahau kiapo. Nilikikumbuka nilipoketi.

Katibu wa kamati alikuwa karani wa bandarini kutoka bara, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Jumatatu alikwenda kwa Sonara, nikimfuata kama mshtakiwa.

"Mzee, hii si mambo ya dini," alisema baada ya kusikia kuhusu kiapo. "Hii ni mambo ya taifa. Pesa zote duniani ziko na sura."

"Nazijua. Nimewayeyusha wengi."

"Basi Ijumaa asubuhi tupate sura. Ikikosekana, kazi inaenda kwa mashine."

Sonara alimtazama kifundo cha mkono, kisha akanitazama mimi. Nilitamani baraza ipasuke. "Ijumaa, inshallah," akasema. Katibu akaandika "amekubali." Mtu wa pwani angeandika kwa penseli.

Kazi hiyo ingemrudishia jina lake, na kisiwa kizima kingejua kwamba Likoni kuna mkono. Ikimponyoka, kilichobaki ni bandarini. Na akiikubali kama ilivyotakiwa, atakuwa amevunja neno alilolishika tangu ujana, mbele ya mtaa uliolijua. Jumanne alifunga mlango wa karakana kwa ndani. Alikuwa amepata kipande cha springi ya lori kwenye vyuma vikuukuu vya Changamwe, ili akichonge kiwe chapa ya kupigia, na bamba la shaba ya njano la kukatia sarafu. Nilimpitishia chini ya mlango picha ya kiongozi niliyoikata gazetini. Ilivutwa ndani taratibu.

Mchana kutwa tulisikia tupa na patasi. Jumatano vilevile. Alitoka kwa ajili ya sala na chakula, amenuna, ndevu zimejaa unga wa chuma, asimtazame mtu hata shingo. Alhamisi Imamu wa msikiti wetu alikuja kuketi kwenye benchi, akazungumza na hewa kwa sauti kubwa kuhusu wale watakaoamriwa kupuliza roho. Patasi ilinyamaza. Kisha patasi ikaanza tena, kwa kasi zaidi, na Imamu akainuka, akakung'uta kanzu na kuondoka bila kunywa kahawa yake. Mama Mihogo aliinywa.

Ijumaa asubuhi mlango ulifunguka. Barazani walikuwapo Katibu, Imamu, Mama Mihogo, mtu wa mbata na karibu nusu ya darasa langu ambalo lilipaswa kuwa shuleni, pamoja na mwalimu wao. Sonara alitoka na sinia iliyofunikwa leso. Akaifunua. Sarafu ziliwaka kama mahindi mapya. Katibu akachukua moja, akasoma UHURU, akatabasamu, akaigeuza.

Kulikuwa na kiti.

Kiti kimoja chenye mikono, kimechongwa kwa ustadi wa kutisha, hadi mistari ya mbao ilionekana. Hakikukaliwa na mtu.

"Mzee," Katibu alisema polepole, "kiongozi ako wapi?"

"Bado hajaapishwa. Nimkalishe mapema anishtaki?"

Mama Mihogo alikwisha kuchukua moja, ameisogeza karibu na jicho. "Ee! Mbona mguu mmoja umefungwa waya?"

"Ndivyo walivyotuachia," Sonara akasema.

Sijui nani aliyeanza. Nadhani alikuwa mtu wa mbata, ambaye alicheka hadi akalazimika kumshika Imamu. Wanafunzi wangu walicheka kwa sababu watu wazima walicheka. Katibu alisimama katikati ya kelele ile na sarafu mkononi, uso ukipigana na midomo, na hatimaye midomo ikashinda. Bado aliapa kwamba kamati haitakubali. Lakini shughuli ilikuwa Jumapili, na mwenye mashine hakufanya kazi Jumamosi. Adhuhuri ile Imamu alimsifu Sonara msikitini bila kumtaja: fundi aliyewekwa baina ya riziki na neno lake, akachagua neno, na Mungu akampa vyote.

Jumapili uwanja ulijaa. Watu walitoka Kisauni na Changamwe, wengine kwa miguu, ngoma mbili zikishindana. Jukwaani kamati iliweka kiti kikubwa kilichofunikwa kitambaa chekundu, cha mgeni wetu peke yake. Tukangoja. Watoto wangu waliimba nyimbo zote walizozijua, wakaanza upya. Saa tisa, saa kumi. Hatimaye gari moja likateremka kutoka kwenye feri, tukashangilia hadi mabega yakatuuma, na akashuka mjumbe mnene mwenye jasho, aliyetuambia kwa heshima zote kwamba shughuli zimemzuia kiongozi Nairobi, ila moyo wake uko nasi.

Mjumbe alitazama kile kiti chekundu, akaona hakimfai, akaketi pembeni. Watu elfu nzima wakawa wanatazama kiti kikubwa kisicho na mtu. Na mtoto mmoja wa darasa langu la pili, aliyekuwa mstari wa mbele, aliitazama sarafu yake, akalitazama jukwaa, akaitazama tena sarafu, akapaza sauti: "Mwalimu! Sonara alijua!"

Kicheko kilitoka mbele kikaenda nyuma, kikarudi. Watoto waliinua sarafu zao juu, watu wakazilinganisha na jukwaa. Mjumbe alipoletewa yake alicheka hadi akafungua kifungo cha kola, akaiomba na ya pili. Sonara alibebwa mabegani, akilalamika kwamba wanamkunja kanzu, na Bi Mkubwa alitembea nyuma yao akiwaambia kila hatua, "Msimwangushe, ameshaanguka vya kutosha."

Kuanzia kesho yake hakupumzika. Waliotaka Kenya moja walinunua sarafu kwa sababu ilikuwa ya kiongozi wao. Waliotaka Mwambao waliinunua kwa sababu, walisema, kiti bado hakina mtu. Siku ya Uhuru yenyewe ilimkuta anapiga nyundo, na jina lake lilivuka feri likakaa kisiwani. Wazo la kubeba magunia halikutajwa tena katika nyumba ile.

Mimi niliondoka baadaye kwenda chuo kikuu. Nchi ilitoa fedha zake, na uso wa kiongozi ukaingia katika kila mfuko. Kila nilipoushika niliwasimulia watu habari za Sonara. Niliisimulia kwenye karamu, kisha darasani, kisha, nakiri, katika mihadhara miwili, kama mfano wa dhamiri: mtu mmoja mdogo wa Likoni aliyekataa kuliabudu taifa changa kwa uso, akaliachia nafasi tupu ili lifikiri. Niliipamba vizuri. Ilinipatia makofi.

Mwaka jana, nikiwa sasa na mvi zangu, nilikwenda kuwaona. Wanaishi mtaa wa Shika Adabu kwa binti yao, katika nyumba yenye ua safi. Sonara ni mzee sana, na ilibidi nizungumze kwa kupaza sauti. Nilimpa shikamoo mara tatu ndipo akaitika. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayeita gari, kwamba nimemtumia katika mihadhara yangu, na nikamweleza nilivyosema juu ya kiapo chake na kile kiti.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Mwanangu," akasema, "nilichonga uso."

"Ulichonga?"

"Jumanne. Nilijiambia, Mungu ni mwingi wa rehema, kamati haina. Nikachonga siku nzima, wallahi uso mzuri. Nikapiga kipande kimoja nione. Nikakigeuza. Nani anitazama? Mimi."

"Wewe!"

"Mimi mtupu! Pua hii, ndevu hizi. Maisha yangu yote sijautazama uso mwingine kwa makini, ila huu wangu katika sinia nikiisugua. Mkono ukajua mmoja tu. Jumatano nikairudia chapa kwa tupa, nikapiga tena. Mimi, nimenenepa. Alhamisi yule Imamu yupo nje apiga kelele, na mimi ndani nina taifa jipya lenye sura ya Sonara! Watoto mia wa shule! Si wangenifunga? Nikaufuta uso wote, nikatafuta kitu ambacho hakiwezi kunifanana. Nikachungulia barazani, nikaona kiti."

Mihadhara yangu miwili ilikuwa imeketi pale uani pamoja nami, na hakuna hata mmoja uliojua pa kutazama. Nikamuuliza kuhusu Imamu aliyemsifu.

"Nilitaka kumwambia. Lakini alikuwa asifu vizuri."

"Na kiama? Si utaambiwa uipulizie roho ile sura?"

Hapo alifuta machozi ya kicheko kwa kiganja. "Nimelifikiria sana hilo," akasema. "Nitasema, Mola wangu, roho ya huyu mbona unayo tayari? Nimekuja nayo mwenyewe." Kisha akaongeza kwamba kile kipande cha pili alikiponda kwa nyundo, ila cha kwanza kilimpotea, na wala hajui kilikwenda wapi.

"Hajui," alisema Bi Mkubwa.

Alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Aliiweka chini, akaingiza vidole ndani ya leso shingoni, akavuta uzi mweusi. Mwisho wa uzi palikuwa na kipande cha shaba, kimechakaa kwa kuguswa, na juu yake, kichwa cha mwanamume wa miaka hamsini, mwenye ndevu na pua ya kujiamini, anayetazama pembeni kana kwamba anangoja kuapishwa. Wake wa masonara ndio hufagia karakana, kwa sababu vumbi lake lina fedha, na hicho alikiokota kwenye ufagio siku ileile ya Jumanne. Alikuwa amejua tangu Jumanne.

Nilikishika. Uzi ulipita katika tundu lililotobolewa kwa uangalifu, si juu ya kichwa ambako mtu angetarajia, bali sikioni hasa.

"Mbona umemtoboa hapo, mama?"

"Nimemwita huyu wa nyama miaka yote hii," Bi Mkubwa alisema, akimimina chai. "Nikasema labda huyu wa shaba atasikia."

"Amesema nini?" akauliza Sonara.